Kinanda Kikae Mpaka Mvua Zikatike

Jumamosi, 5 Aprili

Munga alikuja leo asubuhi kuchukua kinanda, akaondoka mikono mitupu.

Munga ni mdogo wa marehemu mume wangu. Anapiga gitaa la besi katika kwaya yetu hapa Timbwani, Likoni, ingawa siku hizi amehamia Kisauni. Wazee walipogawa vitu vya Ngowa baada ya matanga, kila kitu kilipata mtu. Mwiko wa uashi ulikwenda kwa mpwa wake, baiskeli kwa binamu, kinanda kwa Munga. Mimi nilibaki na kitanda, cherehani yangu, na daftari hili ambalo hakuna aliyelitaka kwa sababu nusu yake Ngowa aliijaza alama za kinanda zisizosomeka. Nusu ya pili ni nyeupe. Ndiyo naiandika.

Nilikuwa nimeshakifunga kinanda kwa leso mbili. Munga akasimama mlangoni akitazama wingu.

"Shemeji, chumba changu kinavuja. Nikikipeleka leo kitakuwa karai."

"Basi?"

"Basi kikae kwako mpaka mvua zikatike. Zikikatika, naja."

Alipoondoka nikakifungua. Nikajiona mwizi.

Jumapili, 6 Aprili

Mwalimu Kitsao, anayefundisha kwaya, ametangaza kuwa ibada ya kumbukumbu ya Ngowa itakuwa tarehe 15 Juni, mwaka utakapotimia. Tutaimba wimbo aliotunga mwenyewe, "Nifikishe Ng'ambo". Lakini hautapigiwa kinanda kama alivyoupiga yeye, kwa sababu hakuna ajuaye pale.

Pale ni mahali pamoja tu. Maneno ni haya: *Maji ni mengi, Baba, nifikishe* – halafu panakuwa na pumzi moja – halafu *ng'ambo*. Katika pumzi ile Ngowa aliweka kitu. Ukisikia, unakuwa kama aliyekanyaga ngazi ambayo haipo, halafu "ng'ambo" inakudaka.

Nimebeba simu yangu miezi yote hii kwa ajili ya rekodi moja ya wimbo huo. Nimeisikiliza tena leo. Siku ile mvua ilinyesha juu ya mabati ya kanisa, na palepale kwenye pumzi ile ndipo ilipozidi. Naisikia mvua tu.

Sauti yake ya kuongea nimeanza kuisahau. Hii ya kinanda ndiyo iliyobaki, nayo inaondoka.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Sare nne za shule. Nimesoma daftari la Ngowa kutoka mwanzo.

Jumapili, 13 Aprili

Nimeishia darasa la nane, lakini kwaya imenifundisha do re mi, na naimba sauti ya pili. Kwa hiyo nimeweza kusoma kidogo.

Ngowa alikuwa mwashi, na kinanda alikiandika kama nyumba. Mkono wa kushoto anauita "chini". Mkono wa kulia anauita "ghorofa". Mishiko ya kawaida ya kanisa, yaani sauti zinazobonyezwa pamoja, haina ghorofa, ni do mi so pote pote. Lakini pale kwenye pumzi ameandika:

*Chini: fa na ti. Mbili tu. Zitagombana, ziache.*
*Ghorofa: mweusi, mweupe, mweusi. Nyumba nyingine kabisa, ijenge juu yao.*
*Subiri. Kisha nyumbani.*

Amechora na vitufe vyenyewe, vyeusi na vyeupe. Mweusi wa juu amemtia duara mara tatu, kalamu imetoboa karatasi.

Nimetia alama kwenye kinanda kwa chaki yangu ya cherehani. Nikabonyeza fa na ti pamoja. Ilitoka sauti ya mlango usiotaka kufungwa wala kufunguliwa. Nikaondoa mkono haraka.

Jumatatu, 14 Aprili

Jasho limefuta chaki. Nimetia tena.

Alhamisi, 17 Aprili

Bi Mwanatatu amekuja. Ndiye mwenye nyumba hii, na chumba chake na changu tunagawana ukuta mmoja. Nilijua anakuja kulalamika.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Mwende, hicho wakipigacho tangu juzi ni nini?"

"Nisamehe, Bi. Nitapunguza sauti."

"Nani kakwambia upunguze? Nimekuuliza ni nini. Miaka kumi na mmoja nimelala alasiri kwa kinanda cha mumeo. Sasa wewe wanipigia kama kuku aliyeingia jikoni."

Nikacheka, mara ya kwanza tangu sijui lini. Nikamwambia natafuta pale. Akaketi kwenye kigoda, akavuta buibui yake vizuri, akaniambia nipige. Nikapiga fa na ti. Nikaongeza ghorofa, nikakosea mweusi mmoja.

"Siyo," akasema.

Huyu mama hajawahi kuingia kanisani mwetu hata siku moja, na wallahi ndiye mtu pekee Likoni nzima anayeujua wimbo ule kama mimi. Nimekaa naye ukuta mmoja miaka yote nikidhani tunamkera.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kwaya iliimba bila kinanda. Nilikosa utulivu. Vidole vyangu vilikuwa vikibonyeza kitabu cha nyimbo.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua imenyesha siku tano mfululizo. Watu wanailaani barabarani, matope hadi vifundoni. Mimi kila asubuhi nachungulia dirishani na kusema asante, halafu naona aibu.

Jumanne, 6 Mei

Siku mbili jua kali. Sikuweza kushona. Kila aliyepiga hodi nilidhani ni Munga. Nilikuwa na hasira naye, kijana mzima ana gitaa lake, kinanda cha nini? Ngowa alipokuwa mgonjwa siku zile nne za mwisho, Munga alikuja mara moja tu, akasimama miguuni pa kitanda dakika tano, akaenda zake.

Jioni wingu likarudi.

Jumapili, 11 Mei

Nimepata mkono wa kulia wote. Mweusi, mweupe, mweusi. Nikaziweka juu ya zile mbili za chini. Peke yake ghorofa ni nzuri, kama asubuhi. Peke yake chini ni mbaya. Pamoja sijui niseme nini. Si mbaya tena. Inauma mahali panapostahili. Halafu nikaenda nyumbani, do mi so, nikasikia ukutani:

"Hicho! Hicho hicho! Rudia!"

Nikarudia mara tano. Bi Mwanatatu akaja na sahani ya kaimati.

"Ni yeye," akasema. "Lakini yuko chini. Kama yuwapiga akiwa kisimani. Mumeo alikuwa juu."

"Ni masikio yako, Bi. Mishiko ndiyo hiyo hiyo."

"Masikio yangu yana nini? Na wewe hubishi hodi. Mwenzio alikuwa akigonga kwanza, mara sita. Ko, ko, ko, ko, ko, ko. Ndipo aanze. Wewe wavamia tu."

Ni kweli. Hata mimi nakumbuka. Kabla ya kupiga alikuwa akikibonyezabonyeza kinanda na meza ikigonga ukuta. Niliizoea kama unavyozoea kikohozi cha mtu. Kila mtu na tabia yake, wengine hupasua vidole. Kaimati zilikuwa tamu mno, alitia iliki.

Jumamosi, 17 Mei

Nimemwambia Mwalimu Kitsao kuwa naweza kupiga pale. Alinitazama juu ya miwani.

"Wewe, Dada Mwende?"

"Mimi."

"Nilimwambia marehemu mara nyingi: wimbo wa Mungu hauna ghorofa. Do mi so zinatosha." Akakunja karatasi zake. "Njoo mazoezini tarehe 31. Munga atakuwepo na besi."

Ni mtu mgumu. Ngowa alikuwa akirudi kutoka mazoezini amenuna kwa sababu yake.

Jumatano, 21 Mei

Mvua. Umeme hakuna. Nimepiga kwenye ubao wa cherehani, bila sauti.

Jumatatu, 26 Mei

Mvua.

Jumamosi, 31 Mei

Naandika mara tu nilipofika nyumbani, nguo zikiwa bado zimelowa, nisije nikajidanganya kesho.

Tulibeba kinanda kanisani mimi na mwendesha mkokoteni, kimefunikwa turubai. Wanakwaya walifurahi kukiona. Mama mmoja wa sauti ya kwanza alikigusa kama anayegusa mtoto. Munga alikuwa ameshaketi pembeni na besi yake. Aliitikia salamu yangu bila kuinua uso.

Kitsao akatoa sauti ya kuanzia, "do", jinsi anavyoitoa siku zote. Kwaya ikaingia. Munga akaingia. Nami nikaingia na do mi so yangu.

Nimewahi kushona mkono wa kulia wa shati upande wa kushoto, kwa haraka, na mwenye shati akalivaa mbele ya watu. Aibu yake ilikuwa hii hii, lakini ile ilikuwa ndogo. Kila mshiko niliopiga ulipigana na kwaya. Wao walikuwa huku, mimi kule. Niligeuka kutazama vidole, chaki ilikuwa mahali pake, mishiko ndiyo hiyo hiyo ya nyumbani. Sikuelewa. Watu wakaanza kunitazama. Mmoja akaziba sikio upande mmoja, kwa heshima, kama anayejikuna. Nilitaka kuacha, lakini mikono ikaendelea yenyewe. Ilikuwa imezoea.

Tukafika *Maji ni mengi, Baba, nifikishe*. Nikaona haya kuweka ghorofa. Niliinua mkono wa kulia. Nikabaki na wa kushoto tu, fa na ti, zile mbili zinazogombana.

Zikakaa.

Sijui niieleze vipi. Katika wimbo mzima ambao kila kitu changu kilikuwa kosa, zile mbili zikaingia ndani ya kwaya kama ufunguo. Besi ya Munga ikawa chini yake. Kwa pumzi moja Ngowa alikuwa ndani ya chumba. Nikamwona Munga ameinua kichwa. Kwaya ikatoka pale ikafika "ng'ambo" safi kabisa, nami nikaifuata na do mi so yangu, na kosa likarudi palepale, kubwa kuliko mwanzo.

Kitsao akainua mkono. Kwaya ikaacha. Mvua tu.

"Dada Mwende," akasema, "tutaimba bila kinanda. Si kwa ubaya."

Nikasema sawa. Nikakaa kwenye benchi la nyuma mpaka wakamaliza. Walipoondoka Munga akaja, akaketi kwenye kinanda bila kuniambia neno.

"Shemeji, kitufe hukubonyeza?"

"Kitufe gani?"

Akanionyesha kitufe kidogo upande wa kushoto, kilichosuguliwa hadi maandishi yamefutika. "Hiki kinahamisha sauti zote kwa pamoja. Kwaya hii Kitsao huianzisha juu. Kaka alibonyeza mara sita, kinanda kikapanda hatua sita, halafu akapiga mishiko yake ile ile ya nyumbani. Ukikizima kinasahau, kwa hiyo alibonyeza kila siku."

Mara sita. Kitufe ni kigumu, ukikibonyeza meza inasukumwa.

"Mbona hakuandika kwenye daftari lake?"

Munga akatazama mlangoni kama kwamba kuna mtu anasikiliza. "Aliona haya. Wapigaji wa makanisa makubwa ya Nyali wanaanza popote, weupe, weusi, popote. Kaka alijua nyumba moja tu. Maisha yake yote alipiga nyumba moja, kitufe ndicho kilichomhamisha. Aliniambia mimi tu."

Mume wangu, ambaye nilidhani anajua kinanda chote.

"Na pale?" nikauliza. "Mbona pale palikubali?"

Munga akacheka kidogo, nikaona jino la Ngowa, lile la mbele lililopinda. "Hesabu vitufe vyote, vyeupe na vyeusi. Kutoka fa kwenda ti ni hatua sita. Kutoka ti kwenda fa inayofuata, sita tena. Zimeigawa ngazi katikati kabisa. Ukihama hatua sita, kila sauti inahama nyumba yake, isipokuwa hizo mbili. Hizo zinabadilishana kitanda tu. Fa inakuwa ti, ti inakuwa fa. Zina nyumba mbili, na kote wanazipokea."

Akajaribu kupiga pale. Kushoto aliweza. Ghorofa hakuiweza, vidole vyake vya besi vilikwenda penginepo. Akajaribu tena na tena. Halafu akasema, akiwa amenipa mgongo:

"Nilidhani nikiwa na hiki kinanda nitaijua. Nilidhani imo humu ndani. Alipokuwa mgonjwa nilikuja nimuulize, Shemeji. Nikamwona alivyo. Mtu utamuuliza mshiko wa kinanda wakati ule?"

Nilimwekea vidole vyake mahali pake. Mweusi, mweupe, mweusi. Mkono wake ulikuwa baridi.

Jumapili, 1 Juni

Sikwenda kanisani. Nimebonyeza mara sita, nikapiga. Ukutani:

"Ametoka kisimani!"

Jumamosi, 7 Juni

Mwalimu Kitsao alileta suruali ya kupunguzwa. Suruali yenyewe haikuhitaji kupunguzwa. Alizunguka, akasema habari ya mvua, akasema habari ya mabenchi. Mwishowe:

"Tangu afe, kwaya inashuka pale. Umeona? Tukifika 'nifikishe' tunashuka, 'ng'ambo' inakuwa chini ya mahali pake. Nimewagombeza mwaka mzima. Jumamosi iliyopita haikushuka."

Nikaweka mkasi chini.

"Nilimgombeza na yeye. Nilimwambia hakuna ghorofa katika wimbo wa Mungu. Unajua alinijibu nini? 'Mwalimu, nyumbani kwa Baba mna makao mengi. Yatakaaje yote chini?'" Kitsao akavua miwani akaifuta kwa shati. "Mwaka mzima natafuta jibu."

Nikabonyeza mara sita. Tukaimba sisi wawili, yeye sauti ya nne, mimi ya pili. Alipofika pale alifumba macho. Hakushuka.

Suruali nimeipunguza kidogo tu, asije akasema hakufanyiwa kazi.

Jumanne, 10 Juni

Jua.

Jumatano, 11 Juni

Jua. Barabara inatoa vumbi. Munga hajaja.

Alhamisi, 12 Juni

Jua. Nguo zote zimekauka kabla ya saa sita. Nimepiga pale mara arubaini, kama mtu anayeweka maji kwenye ndoo zote za nyumbani akijua mfereji utafungwa.

Jumapili, 15 Juni

Ibada. Kanisa lilijaa. Nilivaa gauni la buluu ambalo Ngowa alisema linanifanya niwe kama mwalimu wa nasari.

Nilipoketi kwenye kinanda nilibonyeza. Moja, mbili, tatu, nne. Mara ya tano kitufe kikakwama. Nikakibonyeza tena kwa kidole gumba, na sasa sikujua kama nimefika tano au sita. Kitsao alikuwa ameshainua mkono. Nikamtazama Munga. Akagusa waya mmoja wa besi, polepole, akanisubiri niguse do yangu taratibu. Haikuwa sawa. Nikabonyeza mara moja zaidi. Ikawa sawa. Akatikisa kichwa, ndiyo.

Tukaimba. *Maji ni mengi, Baba, nifikishe.* Nikaweka chini, nikajenga ghorofa juu yake. Ngowa ameandika: subiri. Nikasubiri. Nilisubiri zaidi ya alivyokuwa akisubiri yeye, kwa sababu nilijua nikiondoa vidole itakuwa imekwisha. Watu wote walikuwa wananing'inia pale pamoja nami, kwaya imezuia pumzi, Kitsao mkono hewani. Hakuna aliyeniharakisha.

Kisha nikawapeleka nyumbani.

Sikulia. Nilipotoka nilimkuta Bi Mwanatatu ameketi nje kwenye ukuta mfupi wa kanisa, chini ya mwavuli, kwenye jua.

"Bi! Umekuja kanisani?"

"Kanisani nani? Mimi nimekuja kumsikiza jirani yangu. Nimekaa nje." Akainuka kwa kunishika bega. "Leo umengoja mno. Lakini haya."

Jumamosi, 21 Juni

Mvua zimekatika, hata mbishi akubali. Munga hakuja. Nimefunga kinanda kwa leso mbili, nikakipeleka Kisauni mwenyewe, pamoja na meza yake. Ni chake.

Chumba chake kina mabati mapya juu. Si mapya sana, yameshaanza kupoteza mng'aro, na ukutani hakuna hata alama moja ya maji.

"Haya mabati ni ya lini?"

"Ya mwezi wa nne, mwishoni," akasema, akijishughulisha na leso zangu. Zilikuwa na fundo moja tu, lakini alichukua muda kulifungua.

 Nilifikiria zile siku za jua za mwezi wa tano, hasira yangu, na yeye huku chini ya paa zima. Nikamwambia aketi. Akabonyeza mara sita. Nikamwekea vidole. Mara ya kumi hivi aliipata bila mimi, akapiga mpaka nikaaga, na nikaisikia njiani mpaka niliposhindwa kuisikia.

Jumatatu, 23 Juni

Sare sita. Chumba ni kikubwa.

Jumanne, 24 Juni

Hii ni karatasi ya mwisho ya daftari. Upande wa pili unaonekana wino wa Ngowa.

Alasiri nilikuwa nimelala chali, natazama alama nne ambazo meza imeacha sakafuni. Ukuta ukagongwa. Ko, ko, ko, ko, ko, ko. Kisha kimya. Bi Mwanatatu anangoja apate usingizi wake.

Nikaketi kitandani. Kinanda sina. Nikaimba ti, peke yake. Nikaiacha ining'inie, kama alivyokuwa akiiacha Ngowa. Kisha nikaipeleka nyumbani.